MKONO MMOJA HAULEI MWANA: Malezi ya Watoto Wadogo, Mabadiliko ya Familia na Wajibu wa Usharika

UTANGULIZI

Katika makala hii twakusudia kulitazama jambo ambalo mara chache hutajwa mimbarani, wala halipewi nafasi kubwa katika masomo ya vyuo vyetu vya theolojia, nalo ni hili: nani amshikaye mtoto mdogo wakati mama yake yuko kazini? Huenda msomaji akadhani kwamba swali hili ni la maofisa wa ustawi wa jamii na walimu wa chekechea, si la wachungaji. Hata sisi tulidhani hivyo kwa miaka mingi, na yafaa tueleze jinsi tulivyofundishwa vinginevyo.

Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa mjini, chekechea ya usharika ilijengwa upande mmoja wa kanisa, na soko lilikuwa upande wa pili wa uzio. Asubuhi moja tuliitwa hospitalini kumwombea mtoto wa miaka miwili aliyeungua mkono na kifua kwa uji wa moto. Mama yake alikuwa mwuza mboga sokoni hapo, na mtoto huyo tulikuwa tumembatiza sisi wenyewe. Aliyekuwa akimlea ni dada yake mwenye umri wa miaka 8, ambaye siku hiyo, kama siku nyingine nyingi, hakwenda shule. Tulipomwuliza mama kwa nini hakutujia tumsaidie apate nafasi katika chekechea, alijibu kwa upole, “Baba Mchungaji, ile ni ya watoto wa wenye magari.” Hatukuwa na neno la kumjibu. Miezi michache kabla ya siku hiyo Baraza la Wazee, sisi tukiwa kwenye kiti, lilikuwa limepandisha ada.

Makala hii imezaliwa na jibu la mama yule. Tutaeleza kwanza jinsi familia ilivyobadilika nchini mwetu Tanzania, kisha tutaonyesha kwa nini mabadiliko hayo yamewaelemea wengine kuliko wengine, na mwisho tutauliza Maandiko na urithi wetu wa Kilutheri vyatudai nini.

1. FAMILIA ILIVYOBADILIKA

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 nchini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Katika kipindi hicho hicho wakazi wa mijini wameongezeka kutoka takriban watu 6 katika kila 100 hadi takriban 35. Nazo kaya zimekuwa ndogo: mwaka 2012 kaya moja ilikuwa na wastani wa watu 4.7, na mwaka 2022 wastani ulikuwa umeshuka hadi 4.3.

Uzazi nao umebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania, kwa viwango vya wakati ule, angezaa watoto zaidi ya 6 katika maisha yake. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 4.8. Lakini wastani huo unaficha jambo muhimu. Mjini ni watoto 3.6, na vijijini ni 5.5. Maana yake ni kwamba familia zenye uwezo zaidi, ambazo kwa sehemu kubwa ziko mijini, zina watoto wachache zaidi, na kwa hiyo zaweza kumtumilia kila mtoto fedha na muda mwingi zaidi. Familia maskini hugawa kidogo chao kwa wengi. Hivyo pengo kati ya mtoto na mtoto huanza kabla hawajaingia darasa la kwanza. Tungeweza kusema kwamba huanza siku wanapozaliwa.

Takwimu hizi zisisomwe kama lawama kwa wenye watoto wengi, wala kama sifa kwa wenye wachache. Twazitaja kwa sababu mchungaji anayehubiri juu ya familia hana budi kujua ni familia ipi iliyoketi mbele yake. Mara nyingi mahubiri yetu huieleza familia ya baba, mama, watoto, babu na bibi katika boma moja, ilhali wasikilizaji wetu wengi ni mama na watoto wawili katika chumba kimoja cha kupanga, au bibi na wajukuu watano kijijini.

2. MIKONO ILIYOONDOKA

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Basi tuulize: ile mikono mingine iliyomsaidia mama imekwenda wapi?

Mkono wa kwanza ulikuwa wa dada mkubwa. Msichana wa miaka 7 au 8 alimbeba mdogo wake mgongoni, mama akiwa shambani. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, kisha kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001, na hatimaye elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, vimemwingiza msichana huyo darasani. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Hata hivyo tukiri kwamba tulipomtoa yaya nyumbani hatukuweka mwingine mahali pake. Na pale ambapo mama hana njia nyingine, ni msichana yule yule anayerudishwa nyumbani, nayo shule yake hulipa gharama.

Mkono wa pili ulikuwa wa bibi. Uhamiaji umemwacha bibi kijijini na kumpeleka binti mjini. Wengine huwapeleka watoto kwa bibi, wakatuma fedha zinapopatikana. Aidha, janga la UKIMWI, ambalo wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, liliwarudisha bibi wengi katika kazi ya umama wakati ambapo wao wenyewe walistahili kutunzwa. Mzee wa miaka 70 anayeteka maji kwa ajili ya wajukuu si msaidizi wa mama. Yeye ndiye mama.

Mkono wa tatu ulikuwa wa jumuiya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya ujamaa na Umoja wa Wanawake wa Tanzania vilihimiza vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ili akina mama wapate kushiriki kazi za uzalishaji. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kuvisimamia vituo hivyo. Lakini uchumi ulipoyumba, na serikali ilipolazimika kupunguza matumizi yake katika miaka ya 1980, vituo vingi vya vijijini vilififia. Vilivyostawi baadaye, hasa mijini, vimekuwa kwa sehemu kubwa vya kulipia.

Katika nafasi ya mikono hii umeingia mkono wa kukodiwa, yaani msichana wa kazi za ndani. Yeye naye ni mtoto wa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, lakini sisi tunaotembelea nyumba za washarika twajua kwamba si wote wanaotupokea mlangoni na kuchukua mizigo yetu wamefikia umri huo. Na aliye mkubwa zaidi, mara nyingi amemwacha mtoto wake mwenyewe kwa bibi ili aje alee wa mwingine. Hivyo mzigo wa malezi hauondoki. Huteremshwa tu kutoka kwa mwenye uwezo hadi kwa asiye nao, na wa mwisho kabisa kuubeba ni mtoto wa yule msichana.

Sheria za nchi zimejaribu kusaidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 ajifunguapo mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, pamoja na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Baba alipewa siku 3. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na mtoto huianza kwa kawaida akifikisha miaka 5 hivi. Msomaji afanye hesabu mwenyewe. Siku 84 ni wiki 12. Kati ya wiki ya 12 na mwaka wa 5 kuna zaidi ya miaka minne na nusu ambayo familia imeachiwa itafute njia yake. Tena mama lishe, mwuza mboga na mkulima hawana mwajiri wa kuwapa hata hizo wiki 12. Ni kweli kwamba Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Hiyo ni hatua njema. Lakini programu ya taifa haimfikii mtoto pasipo mikono ya watu walio karibu naye.

3. WANAOTUMIA VITUO NA WASIOTUMIA

Twaweza kudhani kwamba watoto wanaohitaji kituo zaidi ndio wanaokitumia zaidi. Hali halisi ni kinyume. Mtoto wa mfanyakazi mwenye mshahara mzuri ana msichana wa kazi nyumbani, ana kituo asubuhi, na ana vitabu vya picha jioni. Mtoto wa mwuza mboga hufungwa mgongoni hadi awe mzito, kisha huachwa kwa ndugu yake au kwa jirani anayeangalia watoto wengi katika chumba kimoja kwa malipo ya kila siku. Wa kwanza ana mikono mingi, wa pili hana hata mmoja ulio huru.

Kwa nini iwe hivyo? Ada ni sababu ya kwanza, lakini si ya pekee. Baada ya tukio tulilolieleza, tulikaa na akina mama wachache wa sokoni na kuwasikiliza, na walitufundisha mambo ambayo Baraza letu halikuwa limeyafikiri. Mwuza mboga huondoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awahi mzigo. Chekechea yetu ilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 6 mchana. Yeye alihitaji mahali pa kumpokea mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Sisi tulipokea wa miaka mitatu na kuendelea. Yeye alipata fedha kila siku kidogo kidogo. Sisi tulidai ada ya muhula kwa mara moja. Tulidai pia sare, viatu vyeusi na cheti cha kuzaliwa. Hivyo tukatambua kwamba hata kama tungemsamehe ada yule mama, mtoto wake asingepokelewa siku ile alipoungua. Chekechea yetu haikumkataa kwa neno lolote. Ilikuwa imejengwa tu kwa ajili ya watu wengine.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Ujerumani, tangu Agosti 2013 sheria imempa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya nafasi katika huduma ya malezi. Hata hivyo watoto wa familia maskini, na wale ambao wazazi wao ni wahamiaji, wameendelea kupata nafasi hizo kwa kiwango kidogo kuliko wengine, ijapokuwa wengi wa wazazi wao wanazitamani. Nafasi zinapokuwa chache, ajuaye mapema, aandikaye barua vizuri na afahamianaye na mkuu wa kituo ndiye atanguliaye. Twajifunza hapa kwamba haki iliyoandikwa haitoshi. Lazima awepo mtu wa kumtafuta asiyejua kugonga mlango.

4. MAANDIKO NA URITHI WETU

Maandiko Matakatifu yanaijua hali hii vizuri kuliko tunavyodhani. Katika Kutoka 2 mwanamke mtumwa analipwa mshahara na binti Farao ili amnyonyeshe mtoto aliyemzaa mwenyewe. Hapo wamo wote tuliowataja: mwanamke tajiri anayehitaji mlezi, mwanamke maskini anayeuza malezi, na dada anayesimama mbali akimwangalia mdogo wake. Mungu aliuokoa uhai wa Musa kwa mikono ya wanawake hao, lakini simulizi halituruhusu kusahau kwamba nyuma ya mpango huo ilikuwapo amri ya mauaji na nyumba ya utumwa. Katika 2 Samweli 4:4 yupo yaya asiyetajwa jina, ambaye katika kukimbia kwa hofu mtoto Mefiboshethi alianguka akalemaa. Mara nyingi tumehubiri juu ya wema wa Daudi kwa Mefiboshethi. Ni mara ngapi tumemfikiri yule yaya, aliyeachwa peke yake na mtoto wakati wakubwa wa nchi wakipigana? Naye Naomi katika Ruthu 4 ni bibi mlezi, na Loisi katika 2 Timotheo 1:5 ni bibi aliyeitangulia imani ya Timotheo. Kanisa halikuanza na familia ya namna moja.

Lakini andiko linalotuhukumu zaidi ni Matendo ya Mitume 6:1-6. Huduma ya kila siku ilikuwapo, chakula kilikuwapo, hakuna aliyekusudia kumnyima mtu. Hata hivyo kundi moja la wajane lilisahauliwa. Mitume hawakujibu kwamba wajane wale wangekuja wenyewe kuomba. Waliubadilisha utaratibu, wakawaweka watu wa kusimamia jambo hili. Hapo pana fundisho kwa kila huduma yetu: si vema kuuliza tu kama huduma ipo, bali pia ni nani anayeikosa na kwa nini.

Martin Luther naye hakuona kazi ya kulea kuwa duni. Katika andiko lake juu ya ndoa la mwaka 1522 alieleza kwamba baba afuaye nepi za mtoto wake kwa imani, hata kama watu watamcheka, Mungu na malaika zake wanamfurahia. Na mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuzigharamia, maana wazazi wengi hawakuwa na uwezo, muda wala ujuzi wa kuwafundisha watoto wao. Basi asemaye kwamba kuikumbusha serikali wajibu wake kwa watoto ni kuchanganya tawala mbili za Mungu, hajamsoma Luther vizuri.

Urithi huo ulizaa matendo. Karibu mwaka 1770, katika kijiji cha milimani cha Waldersbach, mchungaji wa Kilutheri Johann Friedrich Oberlin, akisaidiwa na wanawake vijana kama Sara Banzet na baadaye Louise Scheppler, aliwakusanya watoto wadogo wa wakulima maskini, wazazi wakiwa kazini, wakafundishwa kufuma, kuimba na kuitambua mimea. Katika miaka ya 1830 Theodor Fliedner alianzisha huko Kaiserswerth shule ya watoto wadogo pamoja na nyumba ya mashemasi wa kike. Katika nchi yetu masista wa Ushirika wa Neema huko Moshi wamewaandaa walimu wa chekechea kwa njia ya Montessori. Tuangalie jambo moja: Oberlin hakuanza na watoto wa wenye uwezo kisha akawafikiria maskini. Alianza na wale ambao wazazi wao walikuwa shambani.

Zaidi ya yote upo Ubatizo. Katika ibada ya Ubatizo wa watoto tunawauliza wazazi na wasimamizi kama watamlea mtoto huyu katika imani, na usharika wote unasimama kuwa shahidi wa ahadi hiyo. Hatuulizi kama baba ana gari. Kama usharika umeahidi mbele ya Mungu, haiwezekani ahadi hiyo ikome kwenye uzio wa chekechea.

5. USHARIKA WAWEZA KUFANYA NINI?

Twapendekeza mambo machache, nayo yote yamo ndani ya uwezo wa usharika wa kawaida.

Kwanza, tuhesabu. Wazee wa mitaa wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja: mtoto aliye chini ya miaka 5 yuko kwa nani mchana? Majibu yaletwe Barazani kabla ya kuzungumza juu ya ada.

Pili, ada ifuate uwezo. Wapo watakaopinga, wakisema chekechea huchangia bajeti ya usharika. Ni kweli, na tusiwadharau wasemao hivyo, kwa maana mshahara wa mwinjilisti hutoka humo pia. Lakini lazima tuamue kama chekechea ni diakonia au ni mradi. Yaweza kuwa vyote viwili, mradi faida ya wenye uwezo ifungue nafasi za wasio nao, na nafasi hizo zitengwe kwa idadi inayojulikana.

Tatu, saa na umri viangaliwe upya. Chumba kimoja kinachofunguliwa alfajiri, chenye walezi waliofundishwa, uji na maji safi, kitamsaidia mama wa sokoni kuliko darasa zuri linalofungwa saa 6. Kisajiliwe kwa ofisi ya ustawi wa jamii kama sheria itakavyo, kwa maana upendo usiofuata usalama huwaunguza watoto vile vile.

Nne, tuwaone wasichana wa kazi. Waalikwe Kipaimara na kwaya. Waajiri wao walio washarika wakumbushwe habari ya mshahara, mapumziko na umri. Mwanamke asifiwaye katika Mithali 31 anatajwa pia kuwa anawapa wajakazi wake sehemu yao.

Tano, bibi walezi wawekwe katika orodha ya kutembelewa, na akina baba wahubiriwe. Mkono wa baba ndio pekee ambao hautoki mbali. Mara nyingi umo chumbani humo humo, lakini haujafundishwa kushika mtoto.

HITIMISHO

Msomaji angependa kujua yaliyofuata katika usharika ule. Baraza lilibishana vikao vitatu, na mzee mmoja aliondoka kwa hasira. Hatimaye nafasi chache zilitengwa, na Umoja wa Wanawake wakatoa chumba chao kwa watoto wadogo wa sokoni. Hakikutosha, wala hakitoshi. Yule msichana alirudi shule akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Mdogo wake alipona, ila mkono wake wa kushoto haunyooki vema.

Twayaandika haya kwa ndugu zetu katika utumishi, na hasa kwa wanafunzi watakaopewa sharika karibuni. Mtakapokalia kiti cha Baraza, na agenda ya ada itakapofika, ombeni kwanza isomwe orodha ya watoto mliowabatiza mwaka ule. Kisha ulizeni kila mmoja wao, wakati ninyi mko kikaoni, yuko mikononi mwa nani.